Taa za dashibodi: Waranti ikiisha, mzigo ni wa nani?

MWENYE gari jipya anapokabidhiwa ufunguo na ajenti hupewa pia kijitabu chembamba, ambacho wengi hukitupa kwenye droo ya gari na kukisahau. Ndani ya kijitabu hicho imo ahadi ya mtengenezaji, yaani waranti, aghalabu ya miaka 3 au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia. Ahadi hiyo si zawadi. Gharama yake imekwishaingizwa katika bei ya gari, na mnunuzi ameilipia kama alivyolipia matairi na viti.

Utata huanza pale kasoro inapokuwa ya kuja na kuondoka, na hakuna mfano ulio wazi kuliko mwanga wa dashibodi. Chukua gari lenye miezi 26. Usiku mmoja nusu ya kibao cha mita inaingia giza: spidomita haisomeki, geji ya mafuta haionekani. Dereva anaipiga dashibodi kwa kiganja na mwanga unarudi. Asubuhi gari linapelekwa kwa ajenti, fundi anawasha taa, kila kitu kinawaka. Gari linarudishwa kwa mwenyewe na maneno mawili matatu: hatukuona tatizo. Mwezi wa 30 giza linarudi. Plagi ya nyuma ya mita inachomolewa na kuchomekwa upya. Mwezi wa 35 fyuzi inabadilishwa. Mwezi wa 38 dashibodi inazimika moja kwa moja, na safari hii karani wa mapokezi anafungua kijitabu, anahesabu miezi kwa vidole, kisha anamweleza mteja kwamba waranti yake ilikwisha miezi miwili iliyopita. Kinachofuata ni makadirio ya bei ya kibao kizima cha mita, na ufundi juu yake.

Wenye magari wengi hulipa wakinung'unika. Wanakosea kulipa kabla ya kuuliza swali moja: hii ni kasoro ya lini? Kwa hesabu yoyote ya haki, kasoro hiyo si ya mwezi wa 38. Ni ya mwezi wa 26, na haikutengenezwa. Mkandarasi aliyeziba paa mara tatu bila mafanikio hawezi kudai malipo mapya eti kwa sababu mvua ya nne imenyesha mwaka mwingine. Lakini katika biashara ya magari mchezo huu wa funika kombe umezoeleka kiasi kwamba mteja ndiye huona haya kulalamika.

Inafaa kueleza kwa nini taa hizi hurudia kuzimika, maana hapo ndipo hoja ya "uchakavu wa kawaida" inapopimwa. Katika magari ya zamani mwanga wa dashibodi ulitoka kwenye balbu ndogo zilizochomekwa kwenye soketi za plastiki nyuma ya mita. Balbu huungua, hilo ni uchakavu, na dawa yake ni balbu nyingine ya bei ya soda. Magari ya miaka ya karibuni hayana balbu ya kubadilisha. Yana taa ndogo za LED zilizounganishwa kwa risasi moja kwa moja kwenye bodi ya umeme, na mengine yana kioo kizima mfano wa kile cha televisheni. Taa za LED hudumu miaka mingi. Kinachokufa mapema ni viungo: risasi iliyoshika vibaya kiwandani hupata ufa mwembamba kama unywele, ufa huo hufunguka gari likipata joto la jua na hufunga likipoa. Mtikisiko wa barabara za vumbi huuongeza. Ndiyo sababu kofi la dereva huleta mwanga, na ndiyo sababu fundi wa ajenti asubuhi, gari likiwa limelala kwenye baridi, haoni kitu. Pengine ni kapasita inayovuja, au plagi iliyoota kutu. Yote hayo hayahusiani na umri wa gari kama pedi za breki zinavyohusiana. Pedi huisha kwa kutumiwa. Kiungo kilichochomwa vibaya kilikuwa kibovu tangu siku ya kwanza, kilichokosekana ni muda wa kujionyesha.

Kabla ya lawama, haki ni haki. Baadhi ya safari kwa ajenti hazina sababu. Magari mengi yana kigurudumu au kitufe cha kupunguza mwanga wa dashibodi, na si mara moja mtu amelipa uchunguzi kumbe mtoto alikizungusha hadi chini. Wengine wamefungiwa alamu na redio na mafundi wa mitaani waliokata nyaya za nyuma ya dashibodi, kisha wanataka kiwanda kibebe mzigo. Ajenti akikataa hapo, amekataa kwa haki.

Vile vile lazima ikubaliwe kwamba waranti isiyo na mwisho haiwezekani. Kiwanda kikilazimishwa kuhudumia kila taa kwa miaka 15, gharama hiyo itaongezwa kwenye bei na atakayeilipa ni mnunuzi wa kesho. Wauzaji husema hivyo na wana hoja. Lakini hoja hiyo inahusu kasoro inayotokea baada ya muda kwisha. Haigusi kabisa kasoro iliyoripotiwa ndani ya muda, ikapakwa rangi, ikavushwa mpaka kalenda ikamalizika.

Tena kijitabu cha waranti si sheria yote. Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithi misingi ya Kiingereza kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara iwe ya ubora unaofaa kuuzwa na ifae kwa kazi yake. Ina pia Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, ambayo ndani yake mna sehemu kuhusu masharti yanayochukuliwa kuwamo katika mikataba ya walaji na sehemu nyingine kuhusu wajibu wa watengenezaji. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Na katika nchi zote mbili muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka 6. Msomaji wa hesabu ataona mara moja tofauti iliyopo: waranti inaishia mwaka wa 3, mlango wa mahakama unabaki wazi hadi wa 6. Hii haina maana kwamba kila taa iliyozimika mwaka wa 5 italipwa; mdai atatakiwa kuonyesha kwamba gari liliuzwa likiwa na ubovu huo ndani yake, na mkataba wa mauzo unaweza kuwa na maandishi madogo yanayojaribu kumfunga. Ina maana tu kwamba maneno "waranti imekwisha" ni mwanzo wa mazungumzo, ingawa hutamkwa kama mwisho wake.

Kwamba viwanda vyenyewe vinaweza kusogea vikibanwa, ushahidi upo. Mwaka 2008 General Motors ya Marekani, kufuatia kesi ya pamoja ya wenye magari ambao mishale ya mita zao ilikuwa ikikwama na kudanganya, ilirefusha huduma ya vibao hivyo kwa baadhi ya magari makubwa ya mwaka 2003 na 2004 hadi miaka 7 au maili 70,000. Mfano wa karibu zaidi ni wa Tesla. Magari yake ya Model S ya 2012 hadi 2018 na Model X ya 2016 hadi 2018 yalikuwa na kioo kikubwa cha katikati kinachotegemea kipande cha kumbukumbu cha ukubwa wa gigabaiti 8. Kipande hicho kina idadi maalumu ya kuandikwa na kufutwa. Ikitimia, kioo kinakuwa cheusi, na pamoja nacho hupotea picha ya kamera ya nyuma na uwezo wa kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Madai yaliyokusanywa yalizidi 12,000. Novemba 2020 kampuni ilirefusha waranti ya sehemu hiyo hadi miaka 8 au maili 100,000. Januari 2021 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikasema hiyo haitoshi na kuitaka iyaite magari yapatayo 158,000. Kampuni ilijitetea kwamba si jambo la busara kutegemea kipande cha aina hiyo kidumu umri wote wa gari. Hata hivyo mwezi uliofuata ilikubali kuyaita magari yapatayo 135,000 na kuyatengeneza bure, na waliokwisha kulipa wakaruhusiwa kudai fedha zao.

Kilichowapa nguvu wenye magari hao ni rundo la karatasi. Kila mmoja alikuwa na tarehe, kilomita na maelezo ya kilichotokea, na palikuwa na ofisi ya umma iliyoyajumlisha. Dar es Salaam au Mombasa mwenye gari hana rundo hilo, ana gari lake moja. Kwa hiyo karatasi yake moja inabidi iwe nzuri. Gari linapoingia kwa ajenti, kadi ya kazi iandike malalamiko kwa maneno ya mteja mwenyewe, kwa mfano "taa za mita huzima usiku gari likiwa limepata joto", isiandikwe "uchunguzi wa umeme" basi. Iandike kilomita na tarehe. Fundi akisema hakuona tatizo, na hilo liandikwe na kugongwa mhuri. Siku hizi karibu kila dereva ana simu yenye kamera. Picha ya video ya dashibodi ikiwa giza, na mtaa unaonekana nje ya kioo, huondoa ubishi ambao maneno hayauondoi. Mwezi mmoja kabla waranti haijaisha, barua ipelekwe kwa ajenti ikitaja safari zote zilizopita na kusema wazi kwamba kasoro bado ipo. Nakala ibaki na saini ya aliyepokea.

Kwa aliyekwisha kuchelewa bado kuna mlango mmoja ambao maajenti hawautangazi. Viwanda vingi huwa na fungu la kusaidia mteja ambaye waranti yake imepita kidogo, hasa ikiwa gari limehudumiwa kwa ajenti tangu mwanzo na kilomita zake si nyingi. Mara nyingine kiwanda hutoa spea na mteja hulipa ufundi, au gharama hugawanywa. Msaada huo hauji kwa mtu anayepiga kelele kaunta wala kwa anayelipa kimya. Huja kwa anayeandika kwa meneja wa huduma na kuomba suala lake lifikishwe kwa mtengenezaji. Inafaa pia kuulizwa kama kuna waraka wa kiufundi kuhusu kasoro hiyo. Viwanda hutuma nyaraka hizo kwa maajenti kila vinapogundua tatizo linalojirudia katika toleo fulani, na zile za magari yanayouzwa Marekani huwekwa wazi kwa umma. Waraka ukipatikana, maneno ya "gari lako tu ndilo lenye tatizo hilo" hayana tena pa kusimama.

Hayo ni ya wenye gari jipya, na katika soko letu hao ni wachache. Wengi hununua gari lililotumika Japani. Huko waranti ya kawaida ya gari jipya ni miaka 3 au kilomita 60,000, na ya sehemu kuu kama injini ni miaka 5 au kilomita 100,000. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, na waagizaji kwa sababu za bei hupenda yaliyokaribia ukomo huo. Maana yake gari linashuka bandarini likiwa halina waranti hata ya siku moja. Mnunuzi wa gari hilo ni bima yake mwenyewe, na kasoro ya dashibodi anapaswa kuihesabu kama sehemu ya bei.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa tarakimu za mfano, gari la kukodisha linaloingiza Sh 40,000 kwa siku linapelekwa kwa fundi umeme wa mtaani mara 3 kwa mwaka, kila mara Sh 60,000 na siku 2 za kusimama. Ufundi ni Sh 180,000 na mapato yaliyopotea ni Sh 240,000, jumla Sh 420,000, sawa na Sh 35,000 kila mwezi. Kibao kipya cha Sh 1,400,000 kitarudisha fedha zake baada ya miaka 3 na miezi 4, muda ambao huenda gari lenyewe litakuwa limeuzwa. Lakini fundi wa vifaa vya umeme anayefungua bodi, akakagua viungo vyote kwa lenzi na kuvichoma upya badala ya kile kimoja kilichokatika, hata akidai Sh 250,000 fedha hizo zinarudi katika miezi 7 na siku chache. Ndiyo maana swali la kwanza kwa fundi lisiwe bei. Liwe: kazi hii unaidhamini kwa muda gani, na utaandika kwenye risiti? Fundi anayekubali miezi 6 kwa maandishi ameshabeba karibu hasara yote inayowezekana. Anayedai nusu ya bei na kukataa kuandika anauza safari ya kurudi kwake.

Kuna wanaokimbilia kibao cha mita cha mtumba. Ni njia halali, ila ina mtego. Katika magari mengi ya kisasa idadi ya kilomita imehifadhiwa ndani ya kibao chenyewe, hivyo kibao kikihamishwa na kilomita za gari jingine huhama nacho. Gari lililotembea 190,000 linaweza kuamka asubuhi lina 82,000. Sheria ya Marekani inataka kilomita zilinganishwe na za kibao kilichotolewa, au zikishindikana zianzie sifuri na karatasi ya maelezo ibandikwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto. Huku kwetu mwenye gari mwaminifu afanye angalau nusu ya hayo: risiti ya fundi itaje kilomita za kibao cha zamani na za kipya. Bila hivyo, siku ya kuuza gari ataonekana mwizi kwa kosa la kutengeneza taa.

Hatari nyingine ni ya maisha, siyo ya fedha. Katika magari mengi ya Japani mwanga wa dashibodi na taa ndogo za nyuma hulishwa na swichi moja, na katika baadhi hulindwa na fyuzi moja. Dashibodi ikiingia giza, dereva ashuke atazame nyuma kabla hajalaumu mita, kwa kuwa huenda lori linalomfuata halimwoni. Fundi anayeona fyuzi ya ampea 10 inakatika kila wiki akaweka ya 20 hajatengeneza kitu. Ameondoa mlinzi na kuacha waya uungue.

Anayekwenda yadi kununua gari aombe kulitazama jioni au ndani ya banda lenye giza, siyo saa sita mchana ambapo kila dashibodi inaonekana nzuri. Azungushe ufunguo bila kuwasha injini: taa zote za tahadhari, ya injini, ya mifuko ya hewa, ya breki na ya oili, zinapaswa kuwaka, kisha injini ikiwaka zizime moja baada ya nyingine. Taa ya injini isipowaka kabisa, ama ni kasoro ya mita, ama kuna mtu aliyeinyamazisha ili injini mbovu isijitaje. Yote mawili yana gharama, na ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Baada ya hapo awashe taa kubwa, azungushe kigurudumu cha mwanga kutoka chini hadi juu, aipige dashibodi kwa kiganja mara mbili, na aliache gari likiunguruma dakika 20 mpaka lipate joto. Kama kuna kitakachozimika, dalali na apunguze bei hapo hapo kwa kiasi cha makadirio ya fundi, na punguzo hilo liandikwe kwenye hati ya mauziano pamoja na sababu yake.